Rangi ya Notburga

Mzee Otto wa Bombambili alikuwa na mtambo mmoja wa kuchapia, nyumba ya vyumba vitatu na kimya kingi. Mkewe, Notburga, alikuwa amefariki mwaka uliopita baada ya kuugua muda mrefu. Tangu hapo Otto alikula ugali wake amesimama, maana kuketi mezani peke yake kulimshinda.

Enzi hizo soko huria lilikuwa limekwisha kulimeza lile shirika la umma lililomuuzia pleti, yale mabamba ya kuchapia, tangu ujanani. Akaja Muhsini, mfanyabiashara kijana wa Tunduru, na pleti za ng'ambo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Huyu alikuja na maradhi yake. Pleti mpya zilibeba wino kwa namna nyingine, na picha zilizokuwa zikitoka vizuri sasa zilitoka kama zimebabuka. Muhsini akaeleza kwamba dawa yake ni programu ya kompyuta, inayotoa kwenye printa rangi zitakavyokuwa kabla mtambo haujawashwa. Alimwachia mbili azijaribu. Moja aichukue, nyingine airudishe kwa basi.

Otto hakuwa na wa kumuuliza. Wateja wake walitaka kalenda na kadi za harusi, na kwao nyekundu ilikuwa nyekundu tu. Zamani prufu zote, zile nakala za majaribio, zilipita kwa Notburga. Alizipeleka mlangoni penye mwanga, akakunja uso, akasema wino gani umezidi, na ubishi ukaishia hapo.

Basi Otto akaamua kuzipima kwa kazi iliyomgusa mwenyewe, kadi ya misa ya kumbukumbu ya mkewe, yenye picha yake. Programu ya kwanza ilimtoa Notburga maji ya kunde, mashavu yakimeremeta. Ya pili ilimtoa amepauka, na macho yenye umanjano. Akaipeleka hiyo ya pili mlangoni penye mwanga. Aliona kabisa kwamba ni yeye. Akaifunga programu ya kwanza kwenye bahasha pamoja na prufu yake, tayari kwa basi.

Rosemary, mdogo wa marehemu, alifika kutoka Mpitimbi kuulizia maandalizi ya misa. Otto akamwonyesha prufu aliyoichagua, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa na furaha kidogo. Rosemary aliitazama, kisha akauliza kama hakuna nyingine. Ikabidi bahasha ifunguliwe. Rosemary akaziweka picha zote mbili mezani.

"Huyu ndiye dada," alisema, akigusa ile ya kwanza. "Huyo mwingine ni mgonjwa, shemeji."

Otto alitaka kubisha. Nani amjue Notburga kumshinda yeye? Akafumba macho amtafute yule wa harusini, yule wa sokoni, yule aliyecheka hadi akashika mbavu. Kila alikomtafuta alimkuta kitandani, akiomba maji. Mwaka mmoja wa ugonjwa ulikuwa umeila miaka mingine yote.

Akairudisha programu ya pili. Siku ya misa watu walizipokea kadi, wakasema Notburga ametoka vilevile alivyokuwa, na Otto akamshukuru kila mmoja. Kisha akakaa kwenye benchi, akamtazama yule mwanamke mwenye mashavu ya kumeremeta kwa muda mrefu, na kwa haya. Hakumkumbuka.