Sikio la Binti wa Mzenga

Juzi, kwenye dirisha la dawa la zahanati moja Kisarawe, mkulima kutoka Mzenga alirudisha vidonge vya pumu vya bintiye.

"Vinamdumaza! Mwalimu kamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la pili. Hakulifikia, kamkatalia darasa la kwanza."

"Ndugu, huenda vikapunguza kimo kidogo," muuguzi alijibu. "Lakini pumu ikiachwa inadumaza zaidi, tena inaua."

"Kwanza aandikishwe shule!"

Binti, kando ya baba yake, kifua kikilia kama filimbi, alikuwa bado anajinyoosha alifikie lile sikio.

Mimi niliyekuwa kwenye foleni nyuma yao nilikasirika. Mwalimu angeuliza umri tu! Na wewe baba, unamnyima mtoto pumzi ili mkono urefuke? Jamani, maiti haiandikishwi darasa la kwanza.