Koti la Kukamulia

Nakumbuka asubuhi moja hapa Karuba, baridi ya kung'ata masikio, nilipomwambia mama yangu avue koti. Nilikuwa na aparei ya picha mkononi, nimejaa kiburi cha msichana aliyemaliza shule juzi tu. Mama alikuwa anatoka zizini. Nikamwambia, "Mama, vua hilo koti, linaharibu picha."

Neema, mwanangu, keti hapa jikoni karibu na moto nikueleze, maana jana nimekusikia uani na simu yako na nikacheka peke yangu. Umelalamika tangu ulipofika likizo kwamba Karuba hakuna cha kupiga picha. Ng'ombe, viazi, ukungu, tope, basi. Unataka kwenda Goma ukapige ziwa na volkano. Sikukatazi. Ziwa ni zuri. Ila nisikilize kwanza, na chai yako usiiache ipoe.

Ile aparei alinipa mama yangu wa ubatizo. Siku zile filimu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, zikiisha zimeisha. Hukuona ulichopiga mpaka uteremke Mushaki, upite Sake, ufike Goma kwa fundi wa kusafisha filimu. Kwa hiyo nilikuwa mchoyo. Nilingoja vitu vikubwa: harusi, mawingu yakivuka kilima, ng'ombe waliooshwa. Vitu vya nyumbani niliviona havistahili.

Sasa, mwaka ule kaka yangu Janvier, baba yako, hakuwepo nyumbani. Hili unalijua nusu nusu, nakupa lote. Alikuwa ameacha mtamba bila kumfunga siku ya mvua, mtamba akateleza korongoni akavunjika shingo. Mama alikuwa anamtegemea sana yule mtamba. Kwa hasira akamwambia Janvier, "Toka mu macho yangu." Mtu yeyote angetoka akarudi jioni kula. Janvier, na ubishi wake ule unaoujua, alitoka akaenda hadi Walikale, akakaa huko miaka minne akibeba mbao. Kila mtu aliyepita huko alituletea neno lile lile: mama alinifukuza, mama ndiye ataniita.

Na mama hakuita. Alikuwa mbishi kuliko yeye, hiyo damu mmeitoa huko. Lakini alikonda. Hapa kijijini mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo kutwa nzima watu walimwita Mama Janvier, Mama Janvier, na kila alipoitwa nilimwona akitazama njia kabla ya kuitika. Niliogopa atakufa hivyo hivyo, wala hawajaonana.

Basi nikajiambia, nitampelekea Janvier picha ya mama, moyo wake utalainika. Ndipo ikaja asubuhi ile ya koti. Mama hakubishana. Alilivua, akalikunja polepole, akaliweka juu ya uzio, akalipapasa mara mbili. Mimi nikamharakisha avae kitenge cha Jumapili. Nikampeleka kwenye maua ya parokia, nikamkalisha kwenye kiti cha padri, nikamwambia asicheke. Hakucheka. Nilipiga picha nane pale, na nilijiona fundi kweli kweli.

Ikabaki picha moja kwenye filimu. Siwezi kupeleka filimu isiyoisha, nikawaza, na kesho yake asubuhi, nikiwa mlangoni hapa hapa unapopaona, nikaielekeza zizini nikabonyeza bila hata kutazama vizuri. Mama alikuwa anatoka na jagi la maziwa. Nikaifunga aparei nikateremka Goma.

Fundi wangu aliitwa Papa Ferdinand, mzee mfupi, mkali, mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa dawa za filimu. Nilimwambia asafishe zile nzuri tu. Nikachukua mbili za parokiani, nikampa dereva aliyekuwa anapeleka maharage upande wa Walikale. Nikangoja kwa furaha, nikimwaza Janvier akilia. Dereva alirudi na jibu, akaniambia kama alivyotumwa: "Muambie dada nimeona mama anavaa muzuri, maisha inaendelea. Hana lazima na miye."

Mwanangu, nililia mimi. Picha yangu nzuri ilikuwa imemwambia kaka yangu kwamba nyumbani wamemsahau.

Na bado sikuelewa. Ujinga una tabaka. Nilirudi kwa Papa Ferdinand nimebeba filimu yangu kwenye bahasha, nikamwomba aitoe ile ya parokiani iwe kubwa zaidi, labda ikiwa kubwa itamgusa. Mzee akaniuliza inaenda kwa nani, nikamweleza yote. Akauinua ule ukanda wa filimu kwenye mwanga wa dirisha, akaupitisha mbele ya jicho moja mpaka mwisho. Alikuwa anasoma filimu kama wengine wanavyosoma barua. Akasimama kwenye ile ya mwisho.

"Iyi koti iko ya nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo niseme ni koti la kukamulia. Ndipo nikakumbuka. Lilikuwa koti la Janvier. Alilisahau kwenye msumari siku ile alipoondoka. Mama alilivaa kesho yake kwenda zizini na hakuacha tena, miaka minne, mikono ameikunja mara tatu kwa sababu Janvier ana mikono mirefu, kifungo kilichopotea amekifunga kwa kamba. Nilikuwa nimeliona kila asubuhi ya Mungu mpaka nikaacha kuliona. Na siku niliyoshika aparei, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumwambia alivue.

Papa Ferdinand hakunikaripia kwa sauti. Aliniambia tu, "Zile zingine ulipiga manguo. Apa ndio ulipiga mama yako." Akaisafisha hiyo peke yake. Ilikuwa imepinda kidogo, na kuku mmoja amekatwa kichwa pembeni. Nikampa dereva yule yule, bila kuandika neno.

Wiki ya tatu, mvua ikinyesha, mama akiwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, Janvier alitokea upande wa malisho. Alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Mimi nilikuwa mlangoni hapa. Alisimama nyuma ya mama, akamwambia, "Mama, iyo koti iko yangu."

Mama hakugeuka mara moja. Alimaliza kukamua. Akasimama, akalivua koti, akamnyooshea. "Nilikuwa nakuchungia iyo," akasema. "Vaa, kuko baridi."

Nilikimbilia aparei. Haikuwa na filimu, nilikuwa nimeimaliza kwa mawingu. Basi nikatazama kwa macho yangu, na hadi leo namshukuru Mungu kwa kuniacha nitazame. Namshukuru na yule mzee wa Goma, maana bila swali lake wewe, Neema, usingezaliwa hapa. Ile picha ndiyo iliyo kwenu ukutani juu ya redio, ile unayosema koko wako, huyu mama yangu, amevaa vibaya.

Tangu hapo nimepiga picha maisha yangu yote, wala si kwa kazi, ni kwa furaha tu. Mume wangu akinyoa ndevu kwa kipande cha kioo. Majirani wakicheka kwenye mtaro wa viazi. Sijawahi kukosa cha kupiga hapa Karuba, muda ndio nilioukosa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kabla hujamwambia mtu avue, afagie, aondoe sufuria ile nyuma, muulize kile kitu ni cha nani na kwa nini kiko pale. Ukishajua, ndipo upige. Kitu unachokiona kila siku, kitazame kana kwamba kesho utatumwa Walikale ukakisimulie kwa mtu anayekipenda.

Na jana ulimwambia koko avue ile puloveri ya buluu, eti imechakaa, haiendani na maua. Ameivua, mkarimu kama kawaida yake, ameikunja, ameiweka juu ya uzio. Kaigeuze kola. Kuna herufi za jina lako, nilizishona mimi kwa uzi mwekundu ulipokwenda kukaa bwenini, internati, mwaka wa kwanza. Uliporudi ilikuwa imekubana ukaitupa. Yeye aliiokota akaivaa, na hajaivua tangu siku hiyo, ila jana, kwa ajili yako.

Mungu akubarikie macho hayo, mwanangu, na amwache koko akutangulie zizini asubuhi nyingi bado. Sasa nenda ukamrudishie puloveri yake. Kuko baridi.