Nafasi ya Mkono wa Kulia

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, baridi inakata masikio, mimi na marehemu Ami Haji tumesimama kwenye ngazi za saruji za kiwanja kidogo cha mpira huko mashariki ya Ujerumani. Nakuhadithia leo kwa sababu juzi ulinicheka. Ulinikuta kwenye kiwanja cha Perry Barr, hapa Birmingham, mvua inanyesha, nimejibanza karibu na kibendera cha kona nawatazama vijana wetu wakifungwa, ukaniambia, "Ami, seriously, si ukae tu nyumbani uangalie TV?" Nilicheka na mimi, maana timu yetu kweli haijui kufunga. Lakini sisimami pale kwa ajili ya magoli, na sababu yake ni hiyo Jumamosi ya Ujerumani.

Wakati ule nilikuwa kijana, sijaoa, nimepanga chumba Lozells. Mwezi mmoja niko Lozells, mwezi wa pili niko Bordesley Green, namba ya simu nimebadilisha na sikumwambia mtu. Nikijisifu kwa hilo! Niliona ndiyo uhuru wenyewe. Mimi na Ami Haji hatukuwa na udugu wa damu, ila sote watu wa Unguja, na mimi sikuwa na mkubwa mwingine mji huu. Ujanani mwake alipelekwa Ujerumani Mashariki kusomea ufundi wa mitambo, na huko kiwandani akapata rafiki, Dieter. Kila mara timu ya mji ule ilipocheza nyumbani, wawili hao walisimama mahali pamoja, kwenye chuma cha kuegemea kilicho chini ya saa ya kiwanja. Dieter kushoto, Ami kulia. Alipoondoka, Ami aliahidi kurudi msimu unaofuata. Hakurudi. Mara kazi, mara ndoa, mara safari ya kuhamia huku. Wakapoteana miaka thelathini na ushee.

Basi siku moja, keshastaafu, akaniita kwake.

"Seif, nisindikize nikamtafute Dieter."

"Anwani yake unayo, Ami?"

"Sina."

"Simu je?"

"Sina. Lakini najua anaposimama."

Nilitaka kucheka, nikaona haya. Nikakubali, na nikwambie ukweli, nilikubali kwa tamaa ya kwenda kuona mpira wa Ujerumani. Nilidhani nitaona mataa na viti vya kunesanesa. Kumbe timu ya Ami ilikuwa imeporomoka mpaka daraja la nne! Ubao wa magoli unabadilishwa kwa mkono, nyasi zimekwanguka golini, na watu wenyewe ungeweza kuwaalika wote harusini. Moshi wa soseji za nguruwe umetanda kila mahali, sisi tukaambulia mkate na haradali, na haradali ile ilinitoa machozi mbele za watu.

Tulipofika kwenye kile chuma chini ya saa, hapakuwa na mtu. Kulia na kushoto watu wamesimama bega kwa bega, pale katikati patupu. Ami akaenda upande wake wa kulia, akaweka mikono juu ya chuma. Mama mmoja mwenye skafu ya timu akamgeukia, akamwambia neno kwa upole.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema hapa pana mwenyewe."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia najua."

Yule mama akazidi kueleza, na Ami akawa ananitafsiria. Kuna mzee huja hapa kila mechi, husimama kushoto, na hataki mtu asimame kulia kwake. Hasemi kwa nini. Watu wamemzoea, wanampisha. Ila mechi kadhaa sasa hajaonekana, wanasema anaumwa. Nyumbani kwake yule mama hapajui, wanajuana hapa hapa tu. Jina lake Dieter.

Ami aliposikia hivyo aligeukia kiwanjani, akatoa leso. Nikasema moyoni, haradali imempata na yeye, lakini nilijua si haradali.

Mpira ukaanza, kipindi cha kwanza kikaisha, Dieter hajatokea. Miguu yangu imekufa ganzi. Nikamwambia, "Ami, twende zetu hotelini. Mgonjwa hatoki na baridi hii. Na huenda keshakufa."

Maneno yalinitoka tu, mwanangu. Ujana nao una mdomo wake.

Ami hakunifokea. Alisema taratibu, hata hakunitazama: "Seif, huyu mtu alinikosa miaka yote hii na akawa anakuja. Leo mimi nimemkosa kipindi kimoja, niondoke?" Kisha akanituma chai. Nikaenda nikiwa mdogo kabisa, na ile chai nilimletea kwa mikono miwili.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza nilipomwona mzee mmoja anapanda ngazi kwa mkongojo, hatua moja anapumzika, hatua moja anapumzika. Watu wanampisha bila ya kuombwa. Alipofika karibu na chuma akamwona mtu amesimama upande wa kulia, akakunja uso, akafungua mdomo kumfukuza. Ami akageuka, akamwambia kwa Kijerumani, "Umechelewa."

Yule mzee akamkodolea macho. Mwishowe akasema, na yule mama wa skafu akaangua kicheko mpaka akalia: "Mimi nimechelewa kipindi kimoja. Wewe umechelewa miaka thelathini."

Wallahi nilidhani watakumbatiana. Wapi! Dieter alisogea akashika chuma kushoto, na wote wawili wakatazama mpira. Ila nilivyoangalia vizuri, mkono wa Dieter ulikuwa juu ya mkono wa Ami, na haukuondoka hapo mpaka filimbi ya mwisho. Wenyeji wakapata goli moja. Kule goli likifungwa, mtangazaji hutaja jina la kwanza la mfungaji, na kiwanja kizima humjibu kwa jina la ukoo. Ami hakuwajua wachezaji wa siku hizi. Dieter akamnong'oneza sikioni, na Ami akalitamka kwa sauti yake yote, peke yake, watu wote wameshamaliza. Timu ilifungwa siku ile, nasi tulirudi Birmingham na furaha tele. Walionana kila msimu baada ya hapo, mpaka Ami alipoishiwa nguvu ya safari.

Na mimi nikaanza kutafuta mahali pangu. Nikachagua pale kwenye kona, kwa kuwa Jumamosi vijana wetu wanacheza pale, Waunguja, Wakenya, Wakongo, wote mchanganyiko. Baridi iliyopita niliugua, nikakosa mechi moja tu. Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa dada mmoja Mkenya, nesi, mama wa golikipa wetu, ameulizia nyumba kwa nyumba. "Mzee wa kona hakosangi," akaniambia, "nikajua hii si ya bure. Umekunywa dawa?" Mwanangu, mimi niliyekuwa nahama bila ya kuaga, nilikaa kitandani nikaona raha isiyo na kifani.

Sasa nasikia unahama, na namba utabadilisha. Hama, sikuzuii, dunia ni yako. Huko uendako mtatumiana lokesheni kwenye simu, na simu huzima. Nasaha yangu ni hii: chagua mahali pamoja, pawe msikitini, pawe kiwanjani, pawe kwa muuza chai, uende bila ya kukosa, hata siku ambayo hapana cha kutazama. Watu wako wajue kwamba wakikuhitaji, hawana haja ya kuuliza. Na ukimpenda mtu, muwekee nafasi yake hata kama hayupo.

Mungu akutangulie katika safari yako, akupe afya, riziki ya halali na watu wa kukugongea mlango. Mimi Jumamosi nitakuwepo kwenye kona. Mkono wangu wa kulia hasimami mtu. Siku utakayokuja, hata ukiwa umechelewa, usiniombe radhi. Sogea tu, tutazame mpira.