Mama Niliyempika Ghorofa ya Sita

Nilimpika mimi. Miongoni mwetu tunaobisha milango ya watu na tableti mkononi, kupika data, yaani kubuni majibu, ni dhambi tunayoijua sote na haikiriwi.

Ofisi iliyoniajiri ilikuwa ikichunguza mpango wa kuunganisha rekodi za watu, ili zahanati, shule na kitambulisho visomane. Sera ingetungwa kutokana na majibu yetu. Nilipewa majumba ya mtaa wa Pipeline, yale ambayo hata adhuhuri unapanda ngazi kwa tochi ya simu. Tableti ilinitaka nisimame mlangoni penyewe ndipo fomu ifunguke. Mlango mmoja wa ghorofa ya sita niliubisha siku tatu, kimya. Magoti yaliniuma, msimamizi hakuacha kunipigia simu, na mimi hasira zangu ziko puani. Nikakaa kwenye ngazi nikamwandika mama asiyekuwepo: jina lililonijia, watoto watatu, kibarua viwandani Industrial Area. Je, ana wasiwasi taarifa zake kuhifadhiwa? Hana.

Miezi kadhaa baadaye mwenzangu alitumwa mlango uleule kwa awamu ya pili. Nilingoja kuumbuka. Akarudi na fomu imejaa.

"Huyo mama yuko poa," aliniambia, "ila mtoto mmoja ana pumu."

Huenda naye alikaa kwenye ngazi akapika, lakini ningemuulizaje bila kujianika? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na ghorofa sita na bado ilikuwa ikipanda.

Kisha ripoti ikasomwa. Jibu la yule mama, yaani langu, lilikuwa ukutani kwa herufi kubwa: wakazi hawana wasiwasi. Orodha yetu ikapelekwa zahanati ya mtaa kuanzishia majaribio ya kadi za matibabu. Nilipiga makofi na wengine, na tangu siku hiyo usingizi ukanipaa.

Jumapili moja baada ya kanisa nilirudi kule juu. Safari hii mlango ulifunguliwa. Alisimama mama mwembamba, na msichana wa kama miaka minne ameshika leso yake. Kifua cha mtoto kilikuwa kikikorota.

"Wewe ni wa zile orodha?" aliniuliza, akitazama kadi ya kazi shingoni mwangu.

Kumbe alikuwa akifanya zamu ya usiku kiwandani, mchana analala fofofo. Hakuna aliyewahi kumhoji; hata ile pumu, huenda mwenzangu aliisikia kwa jirani. Alipompeleka mtoto zahanati, waliambiwa mlango wao una mama mwingine, na bila kadi mtoto hapati dawa ya kila mwezi.

"Nimebadilisha kufuli mara mbili," alisema. "Nikitoka kazini naangalia kama sufuria zimesogezwa. Dada, huyo mama huingia humu saa ngapi?"

Nilimwambia ukweli wote. Nilidhani atanizaba kofi. Aligeuka tu akatazama kitanda chake kwa muda, kana kwamba bado kuna mtu.

Kukiri ofisini kungenimalizia kazi, na mimi ni mwoga, nalisema. Nikafungua tableti nimfute yule mama. Fomu ilikubali njia mbili tu: wamehama, au wamefariki. Kuhama kulitaka mlango mpya wanakoishi. Nikagusa "wamefariki", majina ya watoto watatu yakajitokeza, kila moja likingoja nithibitishe. Mama alinikamata mkono.

"La. Mlangoni mwangu hapaandikwi watoto wamekufa. Huyu mmoja nimempata kwa taabu."

"Sasa tufanyeje?"

"Nipe hilo jina la huyo mama."

Nilimtajia. Alilirudia taratibu mpaka mdomo ukalizoea, na mtoto akalirudia naye. Juma hilohilo walipewa kadi kwa jina hilo.

Jana alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kule zahanati waliniuliza wale watoto wengine wawili wako wapi. Nikasema wako ushago, kijijini kwa nyanya yao. Sasa huyu wangu alisikia. Ananiambia ndugu zake nimewaacha huko kwa nini. Asubuhi alikataa kumaliza uji, akasema uliobaki ni wa ndugu zake. Dada, nimwambie watarudi lini?"

Mimi ndiye niliyewapa majina na umri. Nilishika simu sikioni, nikaanza kuhesabu shule zitafunguliwa lini.