Foronya ya Salama

Juzi, nyumbani kwa mdogo wangu kule Nzuguni, nililalia foronya kuukuu ya mama. Shavu langu likagusa vitundu vidogo vya sindano, pale palipokuwa na neno.

Mchana ule wa utotoni wangu, kule Mpwapwa, upepo ulisukuma vumbi chini ya mlango, na nyumba nzima ilinukia karanga za kukaanga. Mama alikuwa ameketi mkekani na tumbo lake kubwa, akidarizi. Kila sindano ilipotoboa kitambaa ilitoa mlio mdogo, kama tone la maji linalodondoka mbali. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma. Niliufuata uzi mwekundu herufi moja moja: Lala Salama.

Roho iliniuma. Sikujua kwamba foronya za mtaa mzima ziliandikwa vivyo hivyo. Nilidhani mahali fulani kuna mtoto anaitwa Salama, na mama anambembeleza alale. Alipokwenda jikoni kugeuza karanga, nilichukua wembe nikalifumua jina lile lote. Ikabaki Lala.

Aliporudi alikitazama kitambaa, kisha akanitazama mimi.

"Mbona umefumua, mwanangu?"

"Huyo Salama ni nani, mama?"

Nilingoja kuchapwa. Mama alicheka taratibu mpaka tumbo likatikisika, akakichukua kiganja changu akakiweka juu yake.

"Bado hajafika," alisema.

Neno lile hakulidarizi tena. Wiki chache baadaye alirudi nalo kutoka hospitali, amelifunga kwenye khanga.