Kichwa Kilipokataa Kunyamaza

Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani sote tulimwita Yaya, alijifunza gofu ukubwani. Alikuwa fundi wa magari hapa Bunia. Mzungu mmoja aliyekuwa akimtengenezea jeep aliondoka vita vilipoanza kunukia, akamwachia fimbo chache na mfuko wa mipira midogo myeupe. Uwanja wa gofu hatukuwa nao. Yaya na rafiki yake, mwalimu wa shule ya msingi, walichimba mashimo kwenye malisho ya kilimani nyuma ya mtaa wa Saio, wakawa wanacheza katikati ya ng'ombe. Nikimaliza kufua Jumamosi niliwafuata, nikaketi kwenye nyasi nikichambua maharage.

Yaya alikuwa na nguvu, lakini kichwa chake kilimsumbua. Akiwa peke yake mpira uliruka vizuri. Wapita njia wakisimama kutazama, uliishia matopeni. Akikosa alikasirika, na kwa hasira hiyo akakosa tena. Mwalimu alikuwa na mikono myembamba, ila alimshinda karibu kila wiki.

"Weye unapiga na macho ya watu," alimwambia. "Na ile mupira ulikosa, bado unaibeba. Imeisha kwenda. Vuta pumuzi, angalia hii moja tu."

"Kusema iko rahisi."

"Hapana, hata kufanya iko nguvu. Hata miye inanisumbua."

Polepole Yaya akatulia. Hata nyumbani tuliona tofauti: bolti ikikwama hakurusha tena spana chini.

Kisha mji ukagawanyika. Mwalimu alikuwa wa kabila ambalo watu wa mtaa wetu walianza kuliita adui. Jirani mmoja alimuuliza Yaya barabarani kwa nini bado anatembea naye. Yaya akamjibu, "Ni rafiki yangu," akapita.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa na jua zuri. Yaya alikuwa amesimama juu ya mpira wake tuliposikia risasi upande wa uwanja wa ndege. Ng'ombe waliinua vichwa. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Usigeuke. Maliza." Yaya akapiga. Mpira ukatua karibu kabisa na shimo. Sikuwahi kumwona akipiga vile. Walicheka wote wawili, na walikuwa bado wanacheka nilipoona moshi. Ulitoka upande wa nyumba ya mama yake Mwalimu.

Mwalimu akaweka fimbo chini.

"Usiende," Yaya alimshika mkono. "Njoo kwetu. Siye tutakuficha."

"Mama iko yeye moja. Nitamuchukua, tutakuja wote."

Alishuka kilimani akikimbia. Tulimngoja pale hadi milio ikasogea na ikabidi tukimbie sisi wenyewe.

Mji ulipotulia kidogo, Yaya alirudi malishoni. Nilikwenda naye, kwa kuwa mama yetu hakutaka aende peke yake. Alisimama juu ya mpira, akavuta pumzi, akainua fimbo, akaishusha. Akajaribu tena. Akaishusha tena.

"Kichwa inakataa kunyamaza," aliniambia. "Nikiangalia mupira, ninamuona anashuka ile kilima. Namna gani niache hiyo iende?"

Nilimshika bega, tukarudi nyumbani.

Baadaye sana dada yake Mwalimu, aliyekuwa akifanya biashara ya vitenge katika mji wa Ariwara, alipita kwetu. Alitueleza kwamba kaka yake alimfikia mama yao. Walitoka mjini pamoja, Mwalimu akimbeba mgongoni, wakatembea na wakimbizi wengine. Mama alifika kwake Ariwara. Mwalimu homa ilimshika njiani, hapakuwa na dawa, wakamzika kando ya barabara.

"Mama alisema nije nikuambie asante," alimwambia Yaya. "Kaka alimwambia kama ulitaka kumuficha."

Yaya alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko. Nilimsikia akilia kama mtoto. Nilipika fufu na majani ya sombe, nikamwandalia yule dada, tukala wawili. Sahani ya Yaya niliifunika.