Kombi ya Baba Ilipofundishwa Kunywa Maji

Mwanangu wa kwanza amenunua kombi kuukuu, ile ya kizamani yenye kitanda na jiko ndani, na sasa yeye na wenzake wanashinda kwenye simu wakibishana waifunge injini gani. Juzi alinitumia picha ya hiyo kombi. "Mama, wewe umekulia na kombi. Unashauri nini?" Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Keti basi, ndugu yangu, nikueleze ushauri wa injini ulivyokuwa nyumbani kwetu Issuna.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa ghafla sabuni za kila rangi, nguo za mitumba, redio, hata injini zilizotumika ng'ambo. Baba aliuza alizeti na vitunguu, biashara ikamkubali, akanunua kombi ya padre mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na kitanda, kabati dogo, mapazia ya maua na jiko la gesi ambalo mama alikataa katakata kulipikia ugali. Ndani ilinuka mafuta ya taa na biskuti. Sisi watoto tuliamini ni nyumba iliyoota magurudumu.

Injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa upepo. Haikuwa na rejeta, haikutaka tone la maji. Ilikuwa imezeeka, sikatai. Ilitoa moshi, na ikipanda kilima ililalamika. Lakini ilifika. Kosa lake lilikuwa moja tu: siku moja lori la ng'ombe liliipita, na utingo akampungia baba mkono.

Basi, baba akaita washauri. Jirani mwenye mashine ya kusaga alitaka injini ya dizeli, kwa kuwa mashine yake ilikuwa ya dizeli na ndiyo injini pekee aliyowahi kuifungua. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa hata na baiskeli, alitaka ya petroli ya pikapu ya Kijapani, na aliizungumzia huku amefumba macho kama anayeongoza sala. Kila jioni walikaa barazani kwetu. Mimi nilipeleka chai na karanga za kukaanga, nikirudi nakuta wako pale pale. Kila mmoja lazima aseme, kila mmoja lazima ajibiwe, na ilikuwa aibu kuamua kabla chai haijaisha. Nami chai ndiyo niliyoichemsha, kwa maji niliyoyabeba kichwani kutoka kisima cha mbali.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amefungwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mimi alikuwa ameniona nikiwa mchanga, kisha ukungu ukashuka. Alichambua mtama kwa vidole, akawajua kuku wake kwa sauti. Ndipo tukatangaziwa, kanisani na msikitini pia, kwamba madaktari wa macho wanakuja Kiomboi kwa juma moja. Bibi alioga, akachagua kanga, akaniambia, "Sasa nitakuona ulivyo."

Basi la kwenda Singida lilipita kila asubuhi, na kutoka Singida yalikuwapo ya Kiomboi. Mama akasema wapande basi. Baba alikasirika kama ametukanwa. "Mama yangu asukumwe na magunia, mimi nina gari lenye kitanda?" Na gari lenye kitanda lilikuwa juu ya mawe, halina injini, kwa sababu wale waheshimiwa walikuwa wamekwisha kuing'oa ya zamani kabla ya kukubaliana juu ya mpya.

Dizeli ilishinda. Fundi aliifunga wakati juma la madaktari linayoyoma. Haikuenea, wakakata kitanda. Rejeta haikuwa na pa kukaa, wakaisimamisha mle mle ndani, mahali ambapo upepo haufiki. Fikiria mwenyewe. Mkoa mzima wa Singida unavuma upepo mpaka kuku wanatembea kiupande, na maji ni ya kugombea kisimani. Watu wazima watatu wakakaa, wakafikiri, wakatoa injini ya upepo, wakaweka ya maji.

Tuliondoka siku ya mwisho. Bibi alikalia gunia la alizeti, ndani ya gari lililosifiwa kwa kitanda. Kabla hata ya Singida kombi ikachemsha. Wakamimina maji ya dumu. Ikaenda, ikachemsha tena, wakamimina maji ya kunywa ya bibi. Njiani kote nilitumwa kwenye nyumba za watu kuomba maji, na akina mama walinitazama mimi, wakaitazama kombi, wakanipa nusu ndoo. Jirani, tuliyekuwa naye garini, alisema injini mpya lazima izoee. Bibi aliuliza tu, mara kwa mara, kama jua bado liko juu.

Tulifika Kiomboi jua limezama. Madaktari walikuwa wamefunga virago mchana. Mwaka uliofuata tulimpeleka kwa basi, asubuhi na mapema, wakasema presha ya macho imeshakula mishipa, hakuna cha kupasua tena.

Kombi iliozea uani. Baraza lilibomoka, na wale washauri wamelala makaburini. Wenzangu wanaililia miaka ile, nami nakubali, karanga zile zilikuwa tamu na mapazia yale yalikuwa mazuri. Lakini hekima ya baraza lile sijaililia hata siku moja. Ninayemlilia ni bibi.

Siku ya kuolewa kwangu alinipapasa uso wote, paji, pua, kidevu, halafu akawageukia wanawake waliokuwa chumbani. "Niambieni, amefanana na nani?"

"Na wewe, mama. Ni wewe mtupu."

"Haya," akasema. "Nimesadiki."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na suti yake mpya. Akageuka, akatoka nje.